Mshika Saa wa Ndege Huru

Wanaomkumbuka Habakuki kwa wema ni wale waliomjua siku ya mazishi tu. Mimi nilimjua karibu miaka kumi akiwa hai, na wema wote nilioupata kwake ulikuja siku moja, kwa maneno machache, nami siku hiyo nilistahili kofi.

Alikuwa Msambaa wa Mpale. Aliteremka Korogwe akiwa kijana, akaajiriwa kwenye shamba la mkonge, akapanda cheo mpaka akawa mtu wa mizani. Kila fungu la majani lilipita mbele yake. Mkataji aliyeamka alfajiri, mikono imechanwa na miiba, alimfikishia kazi yake ya siku nzima, na Habakuki alichomoa jani moja fupi lisilofikia kipimo, akalinyanyua ili foleni yote ilione, kisha akasema, "Rudi nayo." Hakupaza sauti. Angekuwa mtu wa kufoka tungemchukia kidogo tu, kama tulivyowachukia manyapara wengine.

Chama cha ndege kilianzishwa na Mgiriki mmoja, fundi mkuu wa mitambo ya kiwanda, miaka michache kabla ya Uhuru. Msifikirie ndege za kuongozwa kwa waya au kwa redio. Hizi unazitengeneza kwa vijiti na karatasi nyembamba, bawa hadi bawa kama mikono ya mtu aliyeinyoosha. Unasokota mpira tumboni mwake kwa keekee, unaiachia, na ikishatoka mkononi haikusikii tena. Pangaboi linaipandisha mpaka mpira uishe, halafu inaelea yenyewe juu ya hewa ya joto inayotoka ardhini. Ndiyo maana tuliziita ndege huru. Ikikaa juu dakika tatu umepata alama zote za mruko huo, na mashindano ni miruko mitano.

Mashamba yalipotaifishwa mwaka sitini na saba Mgiriki aliondoka, na ile miti yake myepesi ya kuagiza ng'ambo ikaisha. Watu wakadhani chama kimekufa. Lakini mkonge ukizeeka unachomoza nguzo katikati, tunaiita mlingoti, na mlingoti uliokauka unaweza kuuchonga kwa wembe. Mpira tulikata kwenye tyubu za baiskeli, tukaulainisha kwa mafuta ya mbarika. Ndege zikaruka kama zamani, na mimi nasema ziliruka vizuri zaidi.

Kitu kimoja Mgiriki alikiacha kwa jina la mtu: saa ya kupimia, ya kuvaa shingoni. Alimpa Habakuki, kwa sababu alikuwa mtu asiyependelea hata mdogo wake. Na kanuni ilikuwa hivi: saa inasimama ndege inapogusa chini, au inapopotea machoni pa mshika saa. Machoni pake yeye. Watu mia wakiiona na yeye haioni, imepotea.

Mimi nilikuwa kwenye mashine ya brashi, pale nyuzi zinaposafishwa, na nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama yangu. Nilianza kwa kuwabandikia wanaume karatasi kwenye mabawa, kisha nikatengeneza ndege yangu. Mwaka sitini na tisa mwenyekiti wa tawi alisema mkutanoni kwamba chama cha wanaume watupu ni ubaguzi, basi Mikaeli, katibu wetu, akaniandika huku amenuna. Kwenye ukumbi wa wafanyakazi palikuwa na ubao wa majina ya waliowahi kupata dakika tatu katika miruko yote mitano ya siku moja. Majina saba, yote ya wanaume. Nilitaka la nane liwe Zuena. Sikutaka kitu kingine chochote duniani, na nasema hivyo nikijua kuwa mama yangu alikuwa mgonjwa kitandani.

Miaka mitatu Habakuki alininyima. Ndege yangu ilipanda kuliko zote, ikatulia juu, nyeupe, kila mtu ametazama kimya, na yeye akabonyeza saa. "Imepotea. Dakika moja na sekunde arobaini."

"Mzee, si ile pale!"

"Mshika saa ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Basi rudi kwenye brashi."

Wenzangu walicheka, na mimi nilirudi nyumbani nikapiga sufuria teke. Mikaeli alirusha ndege iliyoyumba kama mlevi, genge lake likishangilia toka mwanzo hadi mwisho, na Habakuki alimpa dakika zake zote. Nilijua ni chuki. Ningeapa kwa msahafu kuwa ni chuki.

Aliyenifumbua macho ni Koisaba. Alikuwa mfugaji, aliyelisha ng'ombe zake kwenye uwanda ulio mbele ukishapita Kwedizinga, ambako kila Saba Saba tulishindana na wenzetu wa Handeni. Alitusaidia kufuata ndege zilizoenda mbali, nasi tulimpa chai na sukari. Mwaka sabini na mbili, siku ya mazoezi huko uwandani, alinijia akiegemea fimbo yake.

"Dada, yule mzee wenu anatazama nini?"

"Anatazama ndege."

"Ndege iko huku. Yeye ametazama kule, kwa wale wenye kelele." Akasubiri nigeuke nimwone mwenyewe. "Mimi nina ng'ombe kama huyu. Amepofuka, lakini kwenye majani anafika, kwa sababu anafuata kengele ya wenzake."

Nilimtazama Habakuki mruko mzima. Watu waliposhangilia kushoto, kidevu chake kilikwenda kushoto. Waliponyamaza, kilitangatanga, kidole gumba kikaitafuta saa, kisha: "Imepotea." Kumbe ndiyo hiyo. Ndege mbovu ilipigiwa kelele, ikahesabiwa. Ndege nzuri iliwafunga watu midomo, ikakatwa. Na mimi, mwanamke, nani angenishangilia?

Jioni nilikwenda kwake, nikijua yuko kwenye kilabu cha pombe. Mkewe, Hilaria, alikuwa anachambua mchicha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya macho yake." Wala hakuuliza. "La kushoto lilitangulia, sasa mwaka wa nne. La kulia limeisha masika haya. Asubuhi mimi ndiye ninayemfungia vifungo vya shati, namvisha na saa. Mkimvua ile saa, Zuena, atalala kitandani ageukie ukuta mpaka afe. Hana kingine tangu aache mizani. Mwacheni Saba Saba hii, halafu nitamwambia mwenyewe aiachie."

"Nimesikia, mama," nikasema. Sikusema nimekubali. Nilikuwa makini sana na maneno yangu siku hiyo.

Kesho yake nilimwambia Mikaeli, na Mikaeli akawaambia wote. Walicheka mpaka machozi. "Kumbe mimi nimepata dakika tatu kwa midomo ya watu!" alisema Mikaeli. Hakuna aliyetaja kumwomba mzee apumzike. Kila mtu alikuwa na jani lake fupi lililowahi kunyanyuliwa mbele ya foleni, lake au la baba yake. Tukakubaliana tumwache aje, na wenzetu wa Handeni tuwaambie huko huko.

Saba Saba ilikucha na baridi. Habakuki aliteremka kwenye lori ameshika bega la mtu, kama mkubwa anayesindikizwa, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Lori likabaki barabarani, na sisi tukatembea kama nusu maili kuingia uwandani, yeye akifuata mazungumzo yetu. Akawekewa kiti.

Mruko wangu wa kwanza watu walinishangilia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Waliishangilia ndege ilipopanda, wakaishangilia ilipoelea, Handeni na Korogwe pamoja, na uso wa Habakuki ukafuata bila kukosea. Dakika tatu. Mruko wa pili, dakika tatu. Wa tatu na wa nne vilevile. Na hizo hazikuwa za uongo. Ndege yangu ilikaa juu kweli, kila sekunde, mbele ya watu wenye macho. Ulibaki mmoja tu, hewa imepata joto zuri, na mpira mpya ninao mfukoni. Ubao ulikuwa wangu.

Mikaeli akaniinamia sikioni. "Wa tano usirushe kitu. Tumwone atapima nini."

Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Nataka ieleweke kwamba nilifikiri, wala sikushtukizwa. Nilifikiri juu ya Hilaria na mchicha wake. Nilifikiri juu ya jina langu. Halafu nikafikiri juu ya "rudi kwenye brashi" ya miaka mitatu, na chuki ikawa tamu kuliko ubao. Nikaweka ndege yangu chini, kwenye majani.

"Mshika saa, tayari?" nikaita.

"Tayari."

Mikaeli akasogea karibu na sikio lake, ndege yake mwenyewe mkononi, akaliachia pangaboi livume kidogo, kisha akalizuia kwa kidole. Mimi nikanyanyua mkono mtupu, nikautupa hewani. "Inaruka!"

Watu wakalipuka. Watu karibu mia mbili walinyanyua nyuso kutazama mbingu isiyo na kitu. Walielekeza kelele zao mashariki, na Habakuki akaelekea mashariki. Walizihamisha polepole kuelekea milima ya kwao Habakuki, naye akageuka polepole, mdomo wazi kidogo, mkono kipajini kuzuia jua. Wengine walikuwa wamejiziba vinywa, mabega yanatikisika. Mwanamume mmoja wa Handeni alilala chini akabingiria. Koisaba peke yake hakucheka. Alitutazama sisi, kisha akawapigia mluzi ng'ombe wake akaondoka nao.

"Inazunguka vizuri," alisema Habakuki. "Inazunguka vizuri sana."

Hapo ndipo nilipotaka kusema basi. Nilitaka, tena nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa ni kicheko.

Dakika tatu zilipotimia akabonyeza saa. Akatoa daftari, akapapasa ukingo wa ukurasa, akaandika kwa herufi kubwa zilizopanda juu ya mistari: ZUENA, SEKUNDE 180. Kisha akaniita, nami nikaenda nikasimama mbele yake.

"Mwanangu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo, wala kumwita mtu mwingine yeyote pale. "Nimekuonea miaka mitatu. Nilidhani ndege zako ni mbaya, zinanikimbia. Leo nimeiona mpaka ilipotua. Ni nzuri. Haijapata kuwapo nzuri kama ile. Nipe niishike."

Watu waliishiwa nguvu kwa kucheka, wakashikana. Na kanuni ilimpa haki ya kuishika. Mkiani mwa kila ndege tulifunga utambi wa pamba, tukauwasha kabla ya kurusha. Unafuka polepole, ukiisha unaunguza uzi unaoushikilia mkia, nao unafyatuka juu, na ndege inashuka badala ya kwenda kupotelea Mazingara. Ndege isiyowashwa utambi haihesabiwi, kwa hiyo mshika saa huupapasa baada ya kila mruko. Nilikuwa nimefunga utambi mpya kwa ajili ya mruko wa tano.

Mikaeli ndiye aliyeiokota na kumpa. Vidole vya mzee vilipita juu ya mabawa, vikashuka tumboni, vikafika mkiani. Vikaukuta utambi mzima, mrefu, baridi. Vikarudi tena toka mwanzo wake mpaka mwisho, kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Uso wake haukubadilika sana. Ulizeeka tu, mbele yetu, tukiutazama.

Kicheko kikapungua. Kila mtu alingoja afoke, maana tulikuwa tumeandaa na majibu.

"Ndugu katibu," akasema.

"Naam, mzee," alijibu Mikaeli, bado ana tabasamu.

"Mimi nikiandika sifuti. Minne niliyosikia, na mmoja huu. Jina lake lipakwe rangi ubaoni, na asije mtu akalifuta." Alivua saa shingoni, akanyoosha mkono mahali aliposikia pumzi zangu. Niliipokea. Kamba yake ilikuwa na joto la shingo. Nilitaka kusema nisamehe, mzee, lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nilipenda kutazamwa vile.

Akasimama. Akajifunga kifungo cha juu cha shati, ambacho hakikuwa kimefunguka. Pembeni mtu mmoja alianza tena kucheka, mwingine akamfuata.

"Barabara iko upande gani?" aliuliza.

Nusu maili ya majani na mashimo ya mchwa ilikuwa katikati. Hakuna aliyemshika mkono. Tulimwonyesha, sote, kwa vidole.