Buluu ya Msichana wa Safu ya Nyuma

Tangu asubuhi situlii. Nimekaa, nimesimama, nimeshuka ngazi za hoteli nikazipanda tena, yote kwa sababu ya ujumbe wa sauti wa dada yangu kutoka Mombasa. Binti yake wa miaka kumi na sita amejaza ukutani picha za wasichana waimbaji wa Kijapani, na juzi alilia siku nzima kwa kuwa mmoja wao ametangaza kuacha kuimba. "Wewe khaleti yake anakusikiza," dada anasema. "Mkanye aache huo upuzi." Na kati ya miji yote duniani, ndugu yangu, maneno hayo yamenikuta Guangzhou, Uchina.

Hapa niliishi miaka mitatu ya utoto wangu. Mama alikuwa akinunulia maduka ya Mombasa vitambaa katika soko la Zhongda, nasi tulipanga chumba nyuma ya soko, orofa ya nne. Cherehani zilinguruma mchana kutwa, ngazi zikanuka mvuke wa pasi na uji wa mchele. Mlango wa pili aliishi mshonaji mmoja, msichana wa Kichina wa miaka ishirini na kitu. Nilimwita Jiejie, yaani dada, na kila nilipotoka shule nilikuwa kwake. Mimi nilikata nyuzi zinazoning'inia kwenye mashati, yeye akanimenyea lichi, tunda la jamii ya shokishoki, tukala huku juisi ikituchuruzika viwikoni.

Jiejie alikuwa na kipenzi chake. Katika kundi moja la Kijapani lenye wasichana wengi, hakumtaka yule wa mbele anayependwa na kila mtu. Alimtaka wa safu ya nyuma, ambaye kamera ilimpita tu bila kusimama. Kila msichana ana rangi yake, na mashabiki wake huivaa. Jumamosi mashabiki wenzake walikusanyika chumbani kwa Jiejie kujifunza miito: hapa makofi, hapa jina lake, wote kwa pamoja. Nami niliita na kuruka nao mpaka jirani wa chini agonge dari yake kwa ufagio.

Mama na wanunuzi wenzake walivunjika mbavu. "Mtu mzima na akili zake, amlilia mtoto wa watu asomjua!" Mbele yao na mimi nilicheka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi siku ya yule msichana kuaga ikakaribia. Mashabiki wa Guangzhou walikodi ukumbi mdogo wapate kuiona shoo yake ya mwisho kwenye pazia jeupe, na wakakubaliana kwamba wimbo wake ukianza, ukumbi mzima uwe umefunga vitambaa vya rangi yake kichwani. Kushona kulimwangukia Jiejie. Kazi zilimbana, hakupata nafasi ya kwenda sokoni, akanipa kipande cha sampuli nimpe mama amnunulie kitambaa.

Zhongda sampuli ndiyo macho. Mama mwenyewe alikuwa akisema, bila sampuli usinunue hata uzi. Lakini niliona haya kumkabidhi mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka. Kile kipande nikamfunga mwanasesere wangu mtandio, nikamwambia mama "buluu" tu. Naye kwa dharau hakuuliza zaidi. "Buluu ni buluu," akasema, akaja na buluu iliyokoza, ya sare za shule.

Jiejie alikitandaza kitambaa mezani, akakipiga pasi taratibu kama atakayekibadilisha kwa moto. Hakunikaripia. "Hii ni ya mwenzake," alisema. Buluu ya msichana wake ilikuwa nyepesi, ya mbingu asubuhi. Iliyokoza ilikuwa ya yule wa mbele, anayependwa na kila mtu. Shoo ilikuwa kesho yake alasiri.

Nilirudi kwetu nikalia, nikamweleza mama yote, na mwanasesere nikamwonyesha. Alikuwa akikoroga mchuzi. Nilipofika kwenye ile rangi ya mwenzake, mkono wake ukasimama. Mama alizaliwa na mwanamke wa lelemama, ngoma ya wanawake, katika mji ambao wanawake huwekeana sare, na anayekuja harusini na leso ya upande wa pili hukumbukwa hadi kwa wajukuu.

"Aagwe kwa sare ya mwenzake?" aliuliza. "Siku yake mwenyewe?"

Akazima moto, akamvua mwanasesere ule mtandio, akanikokota sokoni. Maduka yalikuwa yakifungwa. Kila mama alipoonyesha sampuli alijibiwa "meiyou", hakuna. Duka la pili meiyou, la tatu meiyou. Katika la nne aliketi juu ya majora akakataa kuondoka. "Mwambie huyu laoban," aliniamuru nitafsiri, "kesho kuna mwari hana sare." Mwenye duka aliitazama sampuli, akatutazama sisi, kisha akapanda ghalani akipumua kwa nguvu. Aliteremka na jora begani.

Asubuhi yote tulishona kwa Jiejie, mama akipinda, mimi nikikata nyuzi. Alasiri alikuja nasi ukumbini, kile kitambaa amekifunga juu ya hijabu yake. Mnunuzi mmoja wa kwetu alimwona ngazini, akacheka. "Na huyo Mjapani wako akuona?"

"Kwani maiti humwona anomlilia?" mama alimjibu, akapita.

Wimbo ulipoanza tuliita jina lake kwa pamoja, na ukumbi wote ulikuwa buluu ile ile. Kwenye pazia yule msichana wa safu ya nyuma alisimama mbele peke yake, mara ya kwanza na ya mwisho. Jiejie alilia, mama akalia, na sikumsikia mtu akimuuliza mwenziwe analilia nini.

Leo nimezunguka nyuma ya soko mara tatu. Nyumba yetu haipo, pamesimama jengo la vioo na mlinzi aliyenitazama kwa wasiwasi. Jiejie sina namna ya kumtafuta, kwa sababu jina lake halisi sikuwahi kuliuliza, Jiejie lilinitosha. Mama tulimzika mwaka juzi. Nilimlilia bila kuuliza kama ananiona.

Ninasikia mashabiki hawa wakiitwa wapweke, wapumbavu, watu wasio na kazi, na damu inanichemka. Mimi niliwaona wakifanya kazi. Niliwaona wakimshonea mtu asiyewajua ili siku yake isipite bila kuadhimishwa, na walionizunguka wakiwacheka sikuwahi kuwaona wakimfanyia hivyo hata jirani.

Kwa hiyo dada sijamjibu. Nimemwandikia binti yake: huyo wako anayeondoka, rangi yake ipi?

Jibu limerudi kabla sijaweka simu chini. "Kijani, khaleti. Lakini si kila kijani!" Na picha kumi.

Picha sizitaki, nimemwambia, simu hudanganya rangi. Tafuta kipande cha nguo cha kijani hicho hicho, mpe mama yako ampelekee abiria wa ndege ya Alhamisi aniletee huku sokoni. Na mwambie asikipoteze.