Ng'ombe Aliyegeuka Kompyuta

Nilimuuza ng'ombe wa maziwa, tena aliyekuwa akikamuliwa, nikanunua kompyuta ya kuandikia barua. Nalisema hili mapema ili mwenye haraka acheke sasa hivi aende zake. Huku kwetu Machakos ukishuka tu kwa barabara utaambiwa habari hiyo kabla hujauliza njia.

Na barua zenyewe hazikuwa nyingi. Mimi ni karani wa mwethya wetu, kile kikundi cha kijiji cha kufanya kazi kwa pamoja: leo tunachimba matuta kwa shamba la huyu, kesho tuko mtoni. Nilipewa ukarani kwa sababu mbili. Nilimaliza kidato cha nne, na siku zote napatikana nyumbani. Hiyo ya pili ndiyo kubwa. Kuna watu wa kusafiri. Mimi safari yangu ndefu ni kutoka kwa kiti cha barazani hadi langoni, na nikifika napumzika kwanza kabla ya kurudi. Karani huandika kumbukumbu za mkutano, barua mbili tatu kwa mwaka, na rejista ya nani alikuja kazini na nani alikosa. Basi. Mtu yeyote mwenye kalamu na mahali pa kuketi anaiweza.

Haya yote nilikuwa nayaandika kwa daftari, kisha nayapeleka kwa jirani wa ng'ambo ya ua. Huyu ni mama mzee aliyechapa barua za shule maisha yake yote hadi akastaafu. Namwita mwaitu, kama tunavyomwita kila mama wa umri wake, na yeye huniita karani, kwa sauti ambayo mtu hutumia akimwita mtoto aliyevaa koti la babake. Ana kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani ilipokuwa ikihama. Ni dude jeusi linalonguruma kama kinu cha posho. Herufi za kibodi zilifutika kitambo, kwa hiyo hakuna mwingine anayeweza kulitumia, na huo ndio ulinzi wake. Jioni hulifunika kwa kitambaa alichoshona kwa mkono, kama kochi la wageni. Kwa dude hilo huchapa programu za mazishi, barua za kwenda kwa chifu na maombi ya basari ya watoto wa lokesheni nzima.

Kilichonipotosha ni mkutano wa vikundi katika ofisi ya wadi. Karani wa kikundi cha nyuma ya kilima alikuja na kompyuta nyembamba kama chapati ya mwisho wa unga. Aliifungua mbele ya watu, na kwa saa mbili hakuandika hata neno. Najua kwa sababu nilikuwa nyuma yake. Kwa kioo palikuwa na picha ya bahari tu. Lakini afisa alimwita "bwana katibu", na mimi, na daftari langu lililojikunja pembe, nikaitwa "huyo mzee wa nyuma". Nilirudi nyumbani nimevimba. Sikulala, na si kawaida yangu kukosa usingizi, hata mchana.

Wiki ile ile nilimuuzia mwaitu ng'ombe wangu. Alilipa kwa pesa alizoweka miaka mingi za kuchapa programu za mazishi. Yaani kwa kompyuta ya kutupwa yeye akapata ng'ombe, na kwa ng'ombe mimi nikaenda kupata kompyuta. Wakati huo sikuiona hesabu hiyo. Shuleni nilikuwa mzuri wa Historia.

Nilienda hadi Mlolongo, safari ambayo naihesabu kama wengine wanavyohesabu kwenda Ulaya. Muuzaji aliniita boss tangu nilipokanyaga mlango. Nilimwambia nataka ya kuandikia barua. Akasema hii inaweza kuhariri filamu. Nikamwambia ni barua za kuomba saruji. Akasema inaweza hata kuchora ghorofa na kuizungusha uione pande zote. Sikumuuliza ni saruji gani inayoombwa kwa ghorofa inayozunguka. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa, na kuitikia kule kukamaliza ng'ombe, kuanzia pembe hadi mkia. Kando ya duka palikuwa na kompyuta kuukuu zimepangwa kama viazi, kila moja kwa bei ya mbuzi. Nilipozitazama, muuzaji akasema kwa huruma kwamba hizo ni za watu wa kuandika barua.

Sasa niwaambie inavyokuwa kuandika barua kwa mashine ya bei ya ng'ombe. Inawaka kabla hujaketi. Kisha inakungoja. Unafikiria kama ni "tunaomba" au "tungependa kuomba", nayo inakungoja, ikiwa na nguvu zote zile za filamu na maghorofa. Unachapa kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama, nayo inangoja. Niligundua ndani ya siku mbili kwamba kitu kinachochelewesha barua zangu hakikuwa kompyuta. Ni mimi. Na duka halikuuza mimi mwingine mwenye akili zaidi. Herufi A iliyotoka huko haikuwa na tumbo kubwa kuliko A ya mwaitu. Karatasi ilikuwa ile ile, na isitoshe ilinibidi kuipeleka kwake kuchapishwa, kwa sababu printa ya kijiji ni yake.

Hata hivyo niliringa. Nilinawa mikono kabla ya kuigusa, jambo ambalo sikufanyia chakula kila mara. Watu walipopita njiani niliigeuza ili wauone mgongo wake unaong'aa. Rejista ya mwethya niliihamishia humo yote, halafu daftari la zamani nikaliwashia jiko, kwa sherehe kabisa. Na kwa kufungua, muuzaji alikuwa ameniwekea kidole. Unaweka kidole cha shahada pale penye kijidude, inakutambua, inafunguka. Kulikuwa na neno la siri pia, aliloliandika juu ya boksi. Boksi nilimpa kuku aliyekuwa akiatamia. Ya nini neno, na kidole ninacho?

Basi ikaja ile habari ya saruji. Mto wetu ni wa mchanga. Mvua ikipita, maji yanapita nayo. Ukijenga ukuta wa mawe na saruji katikati yake, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na maji yanabaki ndani ya mchanga, unachimba kisima kidogo unateka mwaka mzima. Akina mama wa mwethya walikuwa wamebeba mawe kwa miezi mitatu, kwa mgongo, kwa kamba ya katani iliyopitishwa kipajini. Mawe yalikuwa tayari. Palikosekana saruji, na ofisi ilisema itakipa kikundi kitakacholeta barua pamoja na rejista ya siku za kazi, Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Atakayechelewa angoje mwaka ujao. Yaani mwaka mwingine wa kuamka na mitungi kwenda kuteka maji mahali ambapo punda mwenyewe akifika anakaa chini.

Alhamisi ikaamuliwa kwamba kila mwenye jina aende mtoni kumalizia mawe, hata karani. Nilienda. Nilibeba mawe asubuhi hadi jua likaegemea, na kwa kuwa mikono yangu haikuwa na habari hizo, ilichubuka yote. Nilirudi vidole vikiwa kama karoti zilizokwanguliwa.

Ijumaa asubuhi nikaketi barazani, nikanawa, nikaweka kidole. Ikakataa. Nikaweka tena. Ikakataa. Nilikipangusa kwa shati, nikakipulizia, nikaweka cha pili, nikaweka cha mkono wa kushoto, nikaweka hadi kidole gumba cha mguu, na hilo naliandika kwa sababu jirani aliliona, na afadhali mlisikie kwangu. Ikaandika kwa adabu kwamba haikunitambua, niandike neno la siri. Nikaenda kwa kuku. Boksi lilikuwapo. Pale penye neno palikuwa pamekwanguliwa kwa miezi miwili na kuku mwenye bidii, na palipobaki palifunikwa na mengine ya kuku. Nikampigia muuzaji simu. Simu yake ilikuwa imezimwa, labda alikuwa anahariri filamu.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Mawe ya miezi mitatu yalikuwa mtoni, na majina ya walioyabeba yalikuwa ndani ya mashine inayong'aa, na mimi nimesimama kando ya kuku.

Mwaitu alikuwa akinitazama juu ya ua, ndoo ya maziwa mkononi. Ng'ombe wangu, yaani wake, alikuwa nyuma yake akitafuna. Nikamweleza. Hakunicheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema niende nyumba kwa nyumba niite akina mama waje kwake mara moja, na nisipite kwa kiti.

Walikuja kumi na wanne. Mwaitu alivua kitambaa kwa dude lake, akaliwasha, likanguruma, na wakati likijikusanya akawapa chai. Nikasema hatuwezi kukumbuka siku zote hizo. Wakanitazama kama mtu aliyesema hatuwezi kukumbuka njia ya msalani. Nilikuwa nimesahau mwethya ni nini. Kwetu, asiyekuja kazini bila sababu hupikia kikundi kizima muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, siku inayofuata, na mtu anaweza kusahau siku ya harusi yake lakini hasahau ni nani aliyekosa, alipika lini, na kama muthokoi wenyewe uliiva. Hawakuanza na waliokuja. Walianza na muthokoi. Ule wenye mawe ulikuwa wa nani? Wa fulani, siku ile ya manyunyu. Ule wa bila chumvi? Wa fulani mwingine, Jumanne, baada ya mazishi. Siku baada ya siku rejista ikasimama, na mwaitu akaichapa pamoja na barua bila kutazama kibodi, akibishana nao na kunywa chai kwa wakati mmoja.

Walipofika siku moja katika hesabu hiyo, mama mmoja akauliza, na karani? Mmoja akasema karani hajawahi kupika. Mwingine akasema ni kweli, na kuja pia haji. Walihesabu siku nilizofika mtoni: tatu, ukiweka na ya jana, na zile mbili za kwanza nilishika daftari, si jiwe. Sasa hapa lazima nikiri la pili, baada ya ng'ombe. Katika rejista yangu ya ndani ya mashine nilikuwa nimejiandika nipo, kila siku, bila kukosa. Nilijiambia kwamba karani akiwa nyumbani na kompyuta naye yuko kazini. Ile mashine haikuniuliza swali. Ingeweza kuzungusha ghorofa pande zote, lakini haikuweza kumwona mtu mmoja aliyekaa mbele yake akidanganya.

Mwaitu aliniuliza mbele yao aandike nini. Nilijua saruji inataka rejista ya kweli, na wote kumi na wanne walikuwa wananitazama. Nikamwambia aandike tatu. Aliandika, na nikasikia kila herufi.

Saa tano na robo nilikuwa mbele ya afisa. Meza yake ilikuwa na kompyuta kongwe kuliko ya mwaitu, imefungwa ubavuni kwa gundi ya karatasi. Alizichukua karatasi zangu, akaangalia mhuri, akaangalia tarehe, akaziweka juu ya nyingine. Hakuuliza zimechapwa kwa mashine gani. Yule karani wa nyuma ya kilima alikuwa nje kwenye benchi, chapati yake ya kioo mapajani, akimtafuta mtu mwenye waya wa kuichaji. Nilimsalimu kwa heshima. Nilitaka kumcheka, lakini nilikuwa na historia.

Saruji ililetwa baada ya wiki tatu, na ukuta umesimama. Kidole nacho kilipona. Asubuhi moja nilikiweka pale penye kijidude, bila matumaini, na mashine ikafunguka hapo hapo, kwa furaha, kama mbwa aliyekufichia kiatu. Rejista yangu ilikuwa humo, safi, nipo kila siku. Niliifuta. Kisha nikaenda kwa ua nikamwita mwaitu, nikamwomba tubadilishane: yeye achukue kompyuta ya kisasa, anirudishie ng'ombe, na nitaongeza kuku. Nilimwambia atachapa programu za mazishi haraka sana. Akasema waliokufa hawana haraka.

Nilimwonyesha jinsi inavyofunguka kwa kidole. Aliutazama mwanga wa kioo, akamtazama ng'ombe aliyekuwa amekuja mwenyewe hadi kwenye ua kunilamba mkono, akanimiminia kwa kikombe maziwa ambayo siku hizi nanunua kwake, akanipa, akasema:

"Karani, huyu ng'ombe umemuuza na bado anakujua. Hiyo kitu yako ilikukataa siku ile moja uliyofanya kazi."