Mbwa Tuliyemwita Stesheni

Siku niliyomfunga Stesheni kwenye nguzo ya dungu naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Harusini nimesahau hata nilivaa nini. Ile kamba ya mkonge naiona mpaka leo, fundo lake, na vidole vyangu vikilikaza.

Sikupenda kuisimulia, mwanangu. Miaka yote nimewapa habari zinazoniletea sifa, na ninazo nyingi. Lakini Jumanne iliyopita nilikaa hapa barazani nachambua maharage, gari dogo jeupe likasimama pale njia panda. Kijana wa heshima, shati limepigwa pasi, akateremsha kioo. "Shikamoo bibi." Nikaitikia marahaba, nikasema moyoni, huyu kwao wamemlea. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akamshusha mbwa mwekundu mwenye ukanda shingoni, akampapasa kichwa, akaingia garini, akaondoka. Mbwa alilikimbiza gari mpaka kwenye kona. Kisha akarudi akakaa palepale aliposhushwa, maana mbwa hudhani amesahauliwa. Hajui kuwa ametupwa.

Tangu Jumanne nina hasira. Nakula nayo, nasali nayo, mchungaji Jumapili amehubiri yote na mimi sikusikia neno. Kijana yule alinipa shikamoo, na palepale akamtupa mbwa mbele yangu. Na nusu ya hasira yangu, nikisema kweli, najikasirikia mimi. Basi kaa hapo, weka hiyo simu chini, usikie.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Sisi tulikaa huku huku Vudee, juu, kwenye migomba. Baba yangu alikata mkonge kwenye shamba la Wazungu huko chini tambarare, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi kwa miguu, na akipitia Same kununua chumvi. Mwezi mmoja akaja na chumvi, kamba mpya ya mkonge, na mbwa.

Mbwa mwenyewe ungemwonea aibu. Mbavu zote nje, mgongoni ana kovu la maji ya moto. Baba alisema amemkuta stesheni ya Same. Mzungu mmoja, msimamizi wa shamba, muda wake uliisha, akapanda gari moshi kurudi kwao. Masanduku yake yalipanda yote, hata kiti chake cha kukunja kilipanda. Mbwa hakupanda. Akabaki pale, kila gari moshi likifika anainuka, anapita behewa moja moja ananusa milango, likiondoka anarudi kulala chini ya benchi. Wapishi wa chai wakachoka naye, wakammwagia maji ya moto.

"Mama Namkunda, nimekuletea mlinzi," baba akasema. Namkunda ni mimi.

"Mimi nilikuagiza chumvi."

"Chumvi si hii hapa."

"Nina watoto watano na chungu kimoja. Huyu umemweka kwenye hesabu ya nani?"

"Nyani watamwogopa."

"Huyu? Nyani watamchangia chakula."

Tulicheka sisi watoto, baba hakucheka. Mama yangu hakuwa mwanamke wa roho mbaya, usimfikirie hivyo. Alikuwa mwanamke ambaye mwaka uliotangulia nyani walimlia shamba lote, na tukapita miezi tukichemsha ndizi mbichi asubuhi na jioni. Ndiyo maana akatoa sharti, na alilitoa mbele yetu sote. Mbwa atakaa dunguni na Namkunda, walinde mahindi. Mahindi yakifika nyumbani salama, mbwa atakula makande kama sisi na hapa patakuwa kwake. Nyani wakiyala, mwisho wa mwezi baba atarudi naye kule kule alikomtoa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Kulinda mahindi ilikuwa kazi yangu, na niliichukia. Dungu ni kichanja cha miti katikati ya shamba, unakaa juu na kombeo na debe bovu la kupiga kelele, kutoka kunapopambazuka mpaka nyani warudi msituni kulala. Mabinti wenzangu wanakwenda kuteka maji wanacheka, wewe uko juu kama kuku aliyekosa kiota. Stesheni, tulimpa jina hilo bila kulifikiri, alinibadilishia ile kazi. Nyani akiwa bado upande wa pili wa korongo yeye ameshamjua. Masikio yanasimama, anaunguruma, mimi naandaa jiwe. Katika wiki tatu hatukupoteza hindi moja.

Na nyumbani mambo yalianza kugeuka bila mtu kutangaza. Mdogo wetu wa mwisho, Nakiete, alikuwa mzito wa kutembea, watu wameshaanza kunong'ona. Alijifunza kusimama kwa kushika masikio ya Stesheni. Anavuta, mbwa anafumba macho, anavumilia. Mama akasema anampa ukoko tu wa chungu. Mimi naujua ukoko, na ukoko hauna maharage mengi namna ile. Siku moja nilimkuta anaongea naye peke yake jikoni, anamweleza habari za jirani. Aliponiona akachukua ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Sasa sikia upumbavu wangu.

Asubuhi moja baragumu likalia, la msaragambo. Wewe unaujua msaragambo, ile kazi ya wote ambayo hakuna wa kuikwepa. Ukingo wa ndiva ulikuwa umebomoka, na ndiva ndiyo bwawa letu, ikikauka hakuna maji ya mfereji, hakuna shamba. Kila nyumba itoe mtu mzima. Kwetu alikwenda mama, na akaniambia maneno mawili tu: usibanduke dunguni.

Lakini msaragambo wa siku hizo ulikuwa na nyimbo. Wanawake wanabeba udongo kwa vikapu, wanaume wanashindilia ukingo kwa miguu, mmoja anaanzisha na mlima mzima unaitikia. Na mimi nilikuwa na gauni jipya. Baba alileta kitambaa, mke wa mwinjilisti akakishona, nimelivaa mara moja kanisani na watu wote walikuwa wanaangalia mbele. Nilikaa dunguni nasikia nyimbo zinapanda kutoka bondeni, gauni liko nyumbani limekunjwa, na moyo ukaniambia Stesheni anatosha.

Niliogopa tu asije akanifuata, maana alikuwa akinifuata kila mahali na mama angemwona. Ndipo nikachukua ile kamba ya mkonge, nikamfunga shingoni, nikaifunga kwenye nguzo ya dungu. Nikamwambia, "Bweka tu. Ukibweka watakimbia." Akatikisa mkia. Alidhani ni mchezo.

Niliimba, mwanangu. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na wasiwasi. Nilijificha na wasichana upande wa pili wa bwawa mama asinione, nikabeba udongo, gauni likasifiwa, nikafurahi mpaka jua likapita utosini. Niliporudi, kabla sijafika shambani, nikashangaa kimya kile. Hakuna aliyekuwa anabweka.

Nyani walikuja kundi. Mbwa aliye huru anajua namna ya kupigana na nyani, anawafuata, wakigeuka anarudi nyuma, anazunguka. Niliyemwacha mimi hakuwa na pa kurudi nyuma. Nilimkuta amelala chini ya dungu, bega limefunguka, damu imekauka kwenye manyoya. Kamba imejizungusha kwenye nguzo mpaka imebaki fupi kama mkono. Aliponiona akajaribu kutikisa mkia. Hilo ndilo nisilojisamehe, kwamba alifurahi kuniona.

Na hapo ningeweza bado kuwa mtu. Ningekimbia kumwita mama. Badala yake niliifungua kamba, nikaikunja, nikaificha kwenye matuta ya viazi, na mama alipokuja nikasema, "Alikimbia nyani walipokuja. Nilitupa mawe peke yangu. Mbwa huyu ni mwoga, mama, hata jeraha amelipata akikimbia."

Na gauni je? Nilikwisha kulivua.

Mama aliangalia mahindi. Mengi yalikuwa chini, yamemenywa, yameng'atwa mara moja na kutupwa, nyani ndivyo alivyo, anaharibu kuliko anavyokula. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Baba yako anakuja Jumamosi. Atarudi naye." Akageuza uso, na mimi, mjinga, nikashukuru kwamba hakunipiga.

Mfereji wetu ulipita kando ya shamba. Jioni ile, jua bado lipo, Mzee Senkondo akaja akiufuata na jembe begani. Ndiye aliyekuwa anagawa maji ya ndiva, kila shamba na zamu yake, na hakuwahi kuonekana akiharakisha. Alimpa mama pole. Kisha akaona kitu ambacho sisi wawili hatukukiona, kwa sababu mama alikuwa anaangalia kilichopotea na mimi nilikuwa naangalia chini.

Katikati ya maangamizi yale, kulizunguka dungu, kulikuwa na mahindi yaliyosimama. Mabichi, mazima, na mbelewele zake. Yamesimama duara kama yamepimwa.

Mzee Senkondo aliinama akamtazama Stesheni shingoni. Akainuka, akanitazama mimi. "Namkunda, niletee kamba."

"Kamba gani, mzee?"

"Unaijua wewe."

Nilikwenda kwenye matuta ya viazi nikaifukua. Mzee akafunga ncha moja kwenye nguzo, ncha nyingine akanipa mkononi. "Zunguka."

Nikazunguka. Kamba ikavutika, na kila nilipokanyaga, mkono wangu ulifika pale pale mahindi yaliyosimama yalipoishia. Nje ya hapo kila kitu kimelala. Ndani ya hapo hakuna nyani aliyeingia hata mmoja. Alilinda mpaka kamba ilipomruhusu, na ilipojisokota ikamnyima nafasi ndipo wakamfikia yeye mwenyewe. Nilizunguka mara moja, mzee akasema zunguka tena. Nilikuwa nalia kamasi zinanitoka.

"Mzungu alimwacha stesheni," Mzee Senkondo akasema, "lakini hakumfunga. Alimwachia miguu yake. Wewe umemfunga, ukamwacha, kisha umemsingizia. Yule Mzungu hakai kwetu, siwezi kumwambia neno. Wewe unakaa kwetu." Akamgeukia mama. "Zamu yenu ya maji ni kesho asubuhi. Nitawaongezea mpaka adhuhuri, labda haya machache yatakaza punje." Akachukua jembe lake akaenda zake.

Nilimsubiri mama anipige. Nilitamani anipige. Yeye alivua kanga yake ya juu, ile nzuri aliyokwenda nayo msaragambo, akaitandika chini, akamviringisha Stesheni, akambeba mgongoni kama mtoto. Mbwa mzima, mwenye damu. Alipopita karibu yangu akasema, "Wewe baki. Kuna mahindi ya kulinda."

Jumamosi baba alipofika alikuta mbwa amelala jikoni kwenye kanga, ameoshwa kwa maji ya chumvi, Nakiete amemlalia tumboni. Mama hakumngoja hata avue mzigo. "Yale maneno yangu ya kumrudisha stesheni yafute. Huyu ni wetu." Baba akanitazama, maana uso wangu ulikuwa unasema, na ikabidi nimweleze mwenyewe, kwa mdomo wangu, mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo.

Mavuno yalikuwa haba. Mahindi ya duara yalijaza vikapu viwili tu. Makande ya kwanza mama aliyapika kwa mahindi yale yale, na sahani ya kwanza hakumpa baba. Aliinama akamwekea Stesheni, akasema, "Haya, mwenye shamba, karibu." Baba akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia mama akitania kwa furaha tangu njaa ya mwaka uliotangulia. Nyumba nzima tulicheka, mbwa akala, akaramba sahani akaisukuma mpaka mlangoni.

Alichechemea maisha yake yote. Alizeekea kwetu, akawa kipofu, na mama alimwongoza kwa sauti tu, kulia, kushoto, ngazi. Hakuna aliyewahi kumfunga tena.

Sasa wewe, mwanangu, na ninyi nyote mnaowaokota wanyama mkapiga nao picha. Mnyama akiingia nyumbani kwako amekuja kukaa. Usimchukue kwa sababu ni mdogo na anapendeza, maana atakuwa mkubwa, ataugua, atakunya mahali pabaya. Ukishindwa, mtafutie watu kwa mdomo wako, umpeleke mchana, ubishe hodi, uaibike kidogo. Usimshushe njia panda mbele ya bibi kizee ukampa bibi shikamoo. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usimtupie kosa asiyeweza kusema.

Yule wa Jumanne yuko hapa, chini ya kiti changu. Mara ya kwanza alikataa kuja. Nilimpelekea makande pale njia panda kila siku, nikakaa naye, na jana akanifuata mwenyewe. Ukanda wa shingoni nimeukata kwa kisu. Watoto wa kaka yako wanagombania alale chumba gani, na wamempa jina Marahaba, eti kwa sababu alikuja na shikamoo. Nimecheka, hasira ikapungua, haijaisha. Yule kijana akipita tena na gari lake jeupe nitamsimamisha, nitamwonyesha, nami nitamsimulia habari ya kamba mpaka ahisi ameishika mkononi.

Mungu akupe nyumba ambayo kila anayeingia anataka kubaki. Akujalie uzee wenye mtu wa kukuambia kulia, kushoto, ngazi. Na siku miguu yako itakapokushinda, asitokee wa kukushusha njiani. Nenda sasa, mwekee Marahaba maji, bakuli lake ni lile la bluu.