Somo la Kiasi Changu

Niliacha shule darasa la saba. Nilipotimiza miaka arobaini nikatamani kuufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi nilioukosa. Hapa kijijini Ganda hatuna mwalimu wa watu wazima, basi nikajisomea hesabu kwa simu, kwa programu ya akili unde inayompa kila mtu somo la kiasi chake. Kila nilipokosea ilinisifu kwa kujaribu, kisha ikanipa swali jepesi zaidi. Nilikosea mwezi mzima.

Asubuhi moja binti yangu wa darasa la tatu alichungulia simu.

"Mama, hili tulifunzwa muhula uliopita," akasema, akanielekeza polepole, kama anavyomfunza mdogo wake.

Nilimshukuru. Alipokwenda shule niliifuta ile programu, nikakaa jikoni nikalia. Sijajaribu tena.