Theluji Mlangoni, Barafu Hakuna

Saa moja asubuhi, Marlene Hrycak anatoka mlango wa nyuma wa maabara na ndoo ya plastiki, bila koti, anachota theluji. Winnipeg yote, huku Kanada, imeganda. Anarudi ndani mbio, anaizamisha chupa ya spiriti katikati ya ile theluji na kusubiri ipoe.

"Mama, bosi akikuona utapata barua nyingine," anamtania Arnel Pangilinan, mwenzake wa zamu.

"Akija mpe ndoo, asaidie kuchota."

Marlene, mwenye miaka hamsini na tatu, anatengeneza malighafi ya dawa ya kifafa katika kampuni ndogo ambayo hataki itajwe. Hatua ya mwisho ni kusuuza fuwele nyeupe, yaani chembe za dawa yenyewe, zilizobaki kwenye chujio. Spiriti ikiwa baridi sana, huondoa uchafu tu. Ikiwa vuguvugu, huyeyusha na dawa yenyewe, na dawa hiyo inaishia kwenye pipa la taka.

Mwezi wa kumi mashine ya barafu ya kupozea spiriti iliharibika, kampuni ikaona kuitengeneza ni gharama. Tangu hapo mavuno, yaani kiasi cha dawa kinachopatikana, yameshuka kutoka asilimia themanini na mbili hadi sitini na saba. Barua ya onyo inasema Marlene ni mzembe. Ijumaa anaitwa kujieleza, na huenda akapoteza kazi ya dola ishirini na nne kwa saa, inayomtunza yeye na mama yake mgonjwa. Theluji nayo imepigwa marufuku, eti ni uchafu, wakati haiingii hata ndani ya chupa.

Anakiri kuwa mwaka jana alimwaga dawa kwa mkono wake, kwa bahati mbaya, na alisema siku hiyohiyo. Hili la sasa halikubali.

"Glenn ndiye aliyenifundisha," anasema kwa hasira, akimtaja msimamizi aliyeandika barua ile. "Siku ya kwanza aliniambia, ukisuuza na spiriti ya joto unamwaga dawa. Angekuwa hajui, ningemsamehe."

Glenn Thiessen alipoulizwa, alijibu kwamba hazungumzii mambo ya wafanyakazi.

Kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa nje, ipo chupa ya spiriti iliyosuuzia fuwele jana bila kupozwa, ile ya kumwagwa. Imelala kwenye baridi usiku kucha. Marlene anaiinua: dawa iliyoyeyuka imerudi kuwa fuwele nyeupe, zimetuama chini, kina cha kidole.

Anataka mashine itengenezwe na barua ifutwe. Ijumaa ataingia na chupa hiyo.

"Nitaiweka mbele yake, nimuulize hii ni nini. Anajua. Ila safari hii atasema watu wakisikia."