Walimnyoa Tresor, Mama Yake Akaweka Matanga

Nimeona mengi katika kazi hii ya kulea watoto wa watu. Lakini mzazi aje jioni kumchukua mwanawe, amtazame kichwani, akae chini pale getini na kuanza kumlilia mumewe? Hilo nililiona mara moja tu.

Hakuna aliyempigia simu. Hakuna aliyemletea habari yoyote.

Wacha nikueleze.

Naitwa Phelister, Mkenya, mwalimu wa watoto wadogo hapa Kisugu, Kampala, kwenye kituo cha Mama Sundus. Huyu mama ni Mswahili wa hapa hapa tangu babu zake. Ana roho safi na kichwa kigumu. Kila Ijumaa aliwakalisha wazazi, akawapa chai na mandazi, Waganda, Waacholi, Wakongo, ati wazazi na walimu tuwe mkono mmoja.

Na mimi nikaamini. Mjinga mimi!

Monique, mama yake Tresor, alikimbia vita Goma, mtoto mgongoni. Yeye na mumewe, Elisée, walipotezana njiani. Miezi ikapita, kimya. Kila mchuuzi wa kwao aliyerudi Kongo alipewa ujumbe ule ule: "Mukimuona bwana yangu, mumwambie mutoto anashinda kwa Mama Sundus, Kisugu."

Tresor alikuja kwetu haongei kabisa. Polepole akaanza. "Maji." "Mpira." "Phe," yaani mimi. Monique alicheka mpaka akatoa machozi.

Nywele za Tresor zilikuwa msitu. Mama yake alisema mara moja tu, "Nywele ya Tresor, muiache tu."

Hakusema kwa nini. Na hakuna aliyemuuliza.

Basi mapunye yakaingia kituoni. Siku hiyo mimi nilikuwa nimempeleka mtoto mwingine kliniki. Mama Sundus akajisemea, maskini Monique hana hela ya kinyozi na anaona haya kusema. Akanunua wembe mpya, akapiga Bismillahi, akamnyoa Tresor kwa mkono wake mwenyewe na kumpaka dawa.

Kwao mtoto akinyolewa ni akika, watu wanakula na kufurahi.

Kwa kina Monique, mtoto hunyolewa baba yake akizikwa.

Nilirudi nikamkuta chini getini. "Nani alimuzika?" alikuwa anauliza. "Nani alimuzika bwana yangu?"

"Mama Tresor, ni mapunye! Ni dawa! Hakuna aliyekufa!"

Akanitazama. "Mwalimu, nilikuwa ninamushikilia na ile nywele tu. Sasa mumemuachilia."

Mama Sundus alipiga magoti, mtu mzima na heshima zake, akaomba msamaha. Monique akamwinua. Hakutugombeza hata kidogo. Heri angetutukana!

Wanawake wa kanisani kwake wakaja, wakamwambia hiyo ni ishara, akubali. Akakubali. Akanyoa na yeye, wakakaa matanga kwenye chumba chake kimoja. Nilikwenda, nikabishana nao mpaka wakaniambia nifunge mdomo.

Banange, utabishana vipi na watu wanaolia?

Kabla mwezi haujaisha Monique akapata watu wa kwao wanaoelekea kusini. Zambia, au mbele zaidi, hata yeye hakujua vizuri.

"Usiende, mama. Ngoja kidogo."

"Ningoje nani?"

Akaenda na mtoto. Laini yake ikazimwa.

Mvua zilipoanza, mwanamume mmoja akabisha geti. Anachechemea, amekonda, kofia mkononi.

"Mimi ni Elisée. Nilivunjika muguu, nikalala sana kambini, Burundi. Watu waliniambia mutoto yangu anashinda hapa."

Mama Sundus alimwona, akaingia ndani na kujifungia. Nikabaki peke yangu.

Nikamweleza yote. Nikapiga namba ya Monique mbele yake, nikapiga tena. Haipatikani. Chai nilimpa, hakuigusa.

Halafu akauliza, "Mutoto alianza kusema?"

"Ameanza. Anaongea vizuri sana."

Akatabasamu. Mungu wangu, alitabasamu! "Anajua kusema papa?"

"Anajua."

"Anasema namna gani?"

Wiki za mwisho Tresor alikuwa na sentensi moja nzima, ya kwanza maishani mwake. Mama yake ndiye aliyemfundisha, watu wakimuuliza baba yuko wapi, anyooshe kidole juu na kusema, "Papa kwa Mungu."

"Anasema papa," nikamwambia. "Papa tu."

Akashukuru, akavaa kofia, akashuka na barabara. Kusini nako ni wapi? Hata mimi singejua aanzie upande gani.

Mwalimu mwenzangu unayesoma hii, mzazi akikwambia acha, muulize kwa nini, hata kama unataka kumtendea wema. Hasa kama unataka kumtendea wema. Sisi tulimpenda yule mtoto, na ndiyo maana baba yake hatujui atampata wapi.