Ruta Yetu Ilinikata Mimi Tu

Mara mbili nilikaa mbele ya kompyuta kufanyiwa usaili wa kazi. Mara mbili mtandao ulikufa saa tisa alasiri kamili.

Yaani yule bwana wa Maskati anafungua tu mdomo, "Karibu, Nisrin," picha inaganda, anapotea.

Mimi ni fundi wa maabara, mtu wa mji wa Irbid. Wenzangu niliosoma nao karibu wote wako Ghuba kikazi, vyeti vyangu vimelala kabatini. Baba alishafariki, kaka zangu wako Ujerumani. Nyumbani tumebaki mimi na mama.

Ile mara ya kwanza nilitoka mbio na simu hadi barabarani. Flati yetu ni ya chini, kuta za mawe, mtandao wa simu haushiki ndani hata uombe dua. Nilipompata yule bwana, alishaanza na mtu mwingine.

Nikarudi nalia. Mama alikuwa jikoni, anacheka kwenye video na mama mdogo wa Zarqa. Aliponiona akakata haraka, akanikumbatia.

"Hii mitandao jamani! Pole, binti yangu."

"Mtandao hauna kosa, mama. Ni Umm Wajdi huyu. Ana mtandao wake, lakini yeye na wajukuu zake ndio wanaotumalizia wetu."

Umm Wajdi ni jirani yetu wa juu. Neno la siri nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu. Kwetu mgeni akishamaliza kahawa anaomba la waifai, na kumnyima ni aibu kuliko kumnyima maji.

Mama hakukubali, hakukataa. Akasema tu, "Binadamu wa siku hizi, nani amjue."

Hayo maneno yaliniingia. Jioni ileile nikabadilisha neno la siri, sikumwambia mtu yeyote isipokuwa mama.

Kesho yake nikakutana na Umm Wajdi kwenye ngazi, mlangoni petu. Nilikuwa nimeshika sahani yake ya ukingo wa buluu, aliyotuletea nayo kibe, vile vitonge vya nyama na ngano, wiki ile.

"Nisrin, leo mtandao wenu umenikataa. Kuna nini?"

"Umewakataa wezi."

"Wezi gani tena, binti yangu?"

"Wewe unajua. Unakunywa kahawa yetu, halafu unanizibia riziki!"

Nikamkabidhi sahani. Tupu. Hata limau moja sikuweka.

Tangu nizaliwe, sahani ya Umm Wajdi haijawahi kutoka kwetu tupu, wala yetu kwake. Aliitazama. Kisha akatazama nyuma yangu.

Nyuma yangu alikuwa mama, amesimama mlangoni. Nilijua atanigombeza, maana hawa wawili ni marafiki tangu wakiwa mabibi harusi. Mama akaweka sawa mtandio wake. Akanyamaza.

"Mungu akufungulie mlango, binti yangu," alisema Umm Wajdi, akapanda ngazi taratibu na sahani yake.

Nikajiona nimeshinda.

Basi, usaili wa pili ukafika. Saa tisa kamili, mtandao chali!

Nikampigia Qusai, niliyesoma naye, ana duka la simu karibu na chuo. Nilipanda hadi kwenye paa ndipo tukasikilizana. Nilipomweleza yote, akacheka hadi akakohoa.

"Umebadilisha neno la kuingilia mtandao. La setingi je?"

"Kwani yako mawili?"

"Ndiyo maana mnapigwa! Lile la setingi ni la kiwandani, limebandikwa chini ya ruta. Umebadilisha kufuli ya geti, mlango wa nyumba umeuacha wazi. Mtu akishakuwa kwenye mtandao wako, anaingia humo anamkata amtakaye."

Nikashuka. Nikafunua kitambaa cha kudarizi ambacho mama huifunika ruta, nikaigeuza. Hata vumbi haikuwa nayo, mama huifuta kila Ijumaa. Nikaandika lile neno la kiwandani, setingi zikafunguka.

Kompyuta yangu na simu yangu zilikuwa zimefungiwa. Siku ya usaili, kuanzia saa tisa. Simu ya mama ilikuwa huru.

Nikapanda tena paani. "Qusai, mtu wa nje anaweza kufanya hivi?"

"Neno jipya ulimpa nani?"

"Hakuna. Mama tu."

Akasema polepole, "Basi si mtu wa nje, dada'angu."

Mama? Mama ambaye kila ujumbe ananiita nimsomee, ati macho hayaoni?

Nilimkuta jikoni anatoboa maboga madogo ya kujaza wali. Sikukaa.

"Nani alikufundisha?"

Kisu kikasimama. Hakuuliza kufundishwa nini.

"Umm Wajdi. Alinionyesha anavyowafungia wajukuu michezo. Nilimwambia kuna mtu anatuibia."

"Na macho yako mabovu?"

"Macho yangu mazima." Machozi yakamtoka. "Nilipenda tu unisomee. Kaka zako waliondoka wakisema mwaka mmoja tu, Nisrin. Na wewe ungesema mwaka mmoja."

Niliumia jamani. Mwizi nilimtafuta ngazi nzima, kumbe tunakula naye sahani moja.

Yalipoiva, nikajaza sahani maboga yale ya mama, nikapanda juu. Umm Wajdi alifungua, akaipokea kwa mikono miwili.

"Ulijua?"

"Pale pale ngazini, nilipomwona mama yako anashika mtandio."

"Sasa kwa nini uliniacha nikutukane?"

"Ningesemaje? Mimi jirani, tukigombana tutapatana. Yule ni mama yako." Akanisogezea kiti. "Wana usaili mwingine hao watu wako? Njoo ufanyie hapa. Mtandao wangu haukatiki."

Wakanipa nafasi ya mwisho. Nilifanyia usaili sebuleni kwake, wajukuu wamefungiwa michezo, yeye mwenyewe kakaa mlangoni kama askari.

Leo nawaandikia nikiwa Maskati.

Wewe unayesoma, inuka sasa hivi ugeuze ruta yako. Lile neno la setingi la kiwandani libadilishe, lisifanane na la waifai. Na kabla hujamwita jirani mwizi, angalia kwanza ni nani aliye ndani.

Mama hunipigia video kila jioni, anajisomea ujumbe wake mwenyewe siku hizi. Huniuliza kama nimemsamehe.

La ruta nimemsamehe zamani, ule ulikuwa upendo uliokosea njia. Lakini pale mlangoni alinisikia namwita rafiki yake mwizi, akanyamaza. Hilo, wapendwa, bado.